Saa Moja Kabla ya Daladala: Kutunga Wimbo Alfajiri

Mtaani kwetu anayeamka wa kwanza ni mama wa vitumbua. Saa kumi kasorobo unasikia mkaa ukimwagwa jikoni, kisha upepeo unaanza kazi. Anayefuata ni muadhini. Mimi ni wa tatu, tena siku tatu tu kwa wiki, kwa hiyo sitajifanya shujaa wa alfajiri. Natunza hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nina kwaya inayonisubiri Jumanne na Alhamisi jioni, na daladala yangu nisipoidaka kabla ya saa kumi na mbili na robo nasimama kutoka Mbagala mpaka mjini. Katikati ya hayo natunga nyimbo, na nafasi pekee niliyoipata ya kuzitunga ni saa moja, kuanzia saa kumi na dakika arobaini hadi saa kumi na moja na dakika arobaini.

Haya nakuandikia wewe unayetunga bila kulipwa kwa kutunga. Pengine ni mwalimu wa kwaya ya parokia au ya usharika, pengine unatunga kaswida za madrasa, au unafundisha darasa la nne na mkuu wa shule amekuambia kwamba mahafali yanataka wimbo mpya. Mtunzi mwenye studio na siku nzima ya kujichagulia anaweza kuamka anapotaka.

Jambo la kwanza ulikubali kabla hujatega kengele: alfajiri siyo saa ya kushukiwa na wimbo. Nilikaa mezani karibu mwaka mzima nikingoja nishukiwe, na kilichonishukia ni mbu. Alfajiri ni saa ya kumalizia kazi ndogo uliyoiandaa jana yake. Ukiielewa hivyo, saa moja inatosha kabisa.

Usingizi kwanza

Kuna hesabu ambayo watunzi wengi huiruka. Mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi. Ukitaka kuwa mezani saa kumi na dakika arobaini alfajiri, saa tatu na nusu usiku uwe umeshalala. Niliwahi kujaribu kuidanganya hesabu hii, nikawa nalala saa sita usiku na kuamka saa kumi na nusu. Wiki ya pili nikakosea kujumlisha ankara za saruji, na pungufu likakatwa kwenye mshahara wangu. Muziki nao ulikuwa hovyo. Jumamosi nilipousoma nikakuta nimeandika kiitikio kimoja mara mbili kwa maneno tofauti, na sikukumbuka kukiandika hata mara ya kwanza.

Kwa hiyo siku ya kuamka huchaguliwa kwa kutazama jioni iliyoitangulia. Jumanne na Alhamisi nina mazoezi, narudi nyumbani saa tatu, nakula saa nne. Kesho yake jogoo awike apendavyo, mimi simo. Zangu ni Jumatatu, Jumanne na Alhamisi alfajiri. Ni saa tatu kwa wiki, kama kumi na mbili kwa mwezi, na kwa uzoefu wangu hizo mara nyingi zinatosha wimbo mmoja wa beti tatu na kiitikio, wenye sauti zote nne. Anayekuambia utunge kila siku bila kukosa hana mazoezi ya jioni, au hana mke wala mume.

Mwenye mtoto mchanga ndani ya nyumba aache kwanza, awe baba au mama. Wimbo utasubiri. Na kuna wanawake ambao alfajiri ndiyo saa ya kuchemsha uji, kuandaa watoto wa shule na kuwahi bomba kabla foleni haijarefuka. Kumwambia mama wa namna hiyo aamke mapema zaidi ni kumtukana. Anachohitaji ni mtu wa kuchemsha uji siku hizo tatu, na mtu huyo mara nyingi yuko chumbani anakoroma. Nimeandika hivi nikijua kwamba mke wangu, ambaye ni sauti ya pili, atasoma.

Meza hupangwa usiku

Kabla ya kulala tenga dakika tano. Chukua kipande cha karatasi, andika swali moja la kesho, ukiweke juu ya daftari. Swali liwe dogo kiasi kwamba mtu mwenye usingizi anaweza kulijibu. "Mstari wa pili wa kiitikio uishie do au so?" ni swali. "Besi wafanye nini wakati sauti ya kwanza wanashikilia noti ndefu?" ni swali. "Nitunge wimbo wa Pasaka" siyo swali, huo ni mzigo, na mtu hatui mzigo wa namna hiyo gizani. Ukiamka huna swali, utatumia dakika ishirini ukitafuta pa kuanzia, na dakika ishirini ni theluthi ya muda wako.

Vifaa havina gharama. Mimi natumia kaunta buku, penseli mbili zilizokwisha kuchongwa, raba, taa ya sola yenye mwanga unaoelekea chini na chupa ya chai iliyojazwa usiku, ili nisianze kugonga masufuria wakati watu wamelala. Tumia penseli. Kalamu inakufanya uheshimu ulichoandika, na alfajiri hakistahili heshima hiyo bado.

Simu kubwa ilale chumba kingine. Huu ndio ushauri ninaoshikilia kuliko yote. Sauti ya kwanza kuingia sikioni asubuhi hukaa humo mpaka mchana. Ukifungua simu kutazama saa, ukakuta mtu ametuma video ya kwaya fulani, ukaisikiliza sekunde kumi tu, saa yako nzima itakuwa ya kwaya ile. Utadhani unatunga kumbe unakumbuka.

Hata kengele ya kuamshia ichague kwa makini. Mimi natumia kitochi cha zamani, ile simu ndogo, na zamani nilikitegeshea mlio wenye tuni nzuri. Nikatunga wimbo wa Majilio, kwaya wakaupenda, tukauimba Jumapili mbili, mpaka kijana mmoja wa sauti ya tatu akaniuliza mbele ya watu kwa nini mwanzo wake unafanana na simu yangu ikiita. Nilikana. Nilipofika nyumbani nikausikiliza ule mlio, ikawa kweli tupu. Tangu siku hiyo kitochi kinatoa mlio wa ving'ora ambao hakuna mtunzi anayeweza kuuiba hata akitaka.

Usitegemee mwanga wa nje kukuamsha, wala adhana. Dar es Salaam jua hutoka kabla kidogo ya saa kumi na mbili mwezi wa Novemba, na mwezi wa Julai huchelewa hata kupita saa kumi na mbili na nusu. Adhana ya alfajiri hufuata mwanga, kwa hiyo nayo husogea mwaka mzima. Mara nyingi itakukuta mezani. Weka penseli chini unyamaze, kwa adabu na pia kwa sababu ya kazi yenyewe, maana muadhini ana do yake, na akimaliza ile yako imeshapotea. Mtunzi wa kaswida bila shaka atapanga meza yake baada ya swala.

Kutunga bila kuamsha jirani

Watu huniuliza mtu anatungaje bila kupiga kinanda, na akipiga kinanda saa kumi na moja kwenye nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja kati yake na jirani, atalala wapi kesho. Jibu liko kwenye kitu ambacho wanakwaya wengi wanacho tayari na hawakithamini: nota za solfa.

Solfa haihitaji chombo chochote. Ilianza Norwich, Uingereza, kwa mwalimu aliyeitwa Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen (1816 hadi 1880) akairekebisha na kuieneza, akiwalenga watoto wa shule na watu wa kawaida wasio na uwezo wa kununua kinanda. Wamisionari wakaileta Afrika. Kwao leo wachache sana wanaitumia, huku kwetu kwaya za mjini na vijijini bado zinasoma herufi zilezile: d r m f s l t. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alikuwa akiandika nyimbo zake kwa solfa ndani ya daftari la kawaida. Mmoja aliutunga mwaka 1897, na tuni yake ndiyo tunayosimama nayo Watanzania tunapoimba wimbo wa taifa. Nikiichukia kaunta buku yangu, huwa namkumbuka yule mwalimu na daftari lake.

Kama hujawahi kuandika solfa mwenyewe, kanuni za kuanzia ni chache. Kila herufi ni noti. Nukta mbili hutenganisha pigo moja na jingine. Mstari wa wima husimama mbele ya pigo zito. Kistari kirefu maana yake endelea kushikilia noti. Nukta moja katikati ya herufi mbili hulipasua pigo nusu kwa nusu. Hayo yanatosha kwa miezi mitatu ya kwanza.

Dakika tano za mwanzo zitumie kuamsha sikio, siyo koo. Sikiliza kichwani do hadi do ya juu na kurudi, midomo imefungwa. Kisha ruka: do kwenda so, do kwenda la, mi kwenda do ya juu. Mruko ambao kichwa hakiusikii vizuri, unong'one kidogo uhakikishe. Mwanzoni utaona kama mchezo wa watoto. Baada ya wiki kadhaa utaanza kuandika besi ukiwa kimya na kuzisikia, na hapo jirani anaweza kulala mpaka saa mbili.

Maneno ndiyo yenye wimbo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyimbo zetu nyingi zinapoharibika, na kazi hii inaifaa alfajiri kuliko kazi nyingine yoyote. Haitaki kelele wala msukumo wa moyo. Inataka mtu mtulivu anayehesabu kwa vidole.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Tunasema ka-LA-mu, al-fa-JI-ri, wa-na-o-ku-shu-KU-ru. Kila mzungumzaji anafanya hivyo bila kufikiri, na kila mtunzi mchanga anaisahau mara tu anaposhika penseli. Matokeo yake kwaya inaimba "bwaNAAA" na "baBAAA", na msikilizaji anahisi kuna kitu kinakwaruza, ingawa hawezi kusema ni nini.

Zoezi langu la alfajiri ni hili. Naandika kipande kimoja cha mizani nane, kama vya mashairi ya kimapokeo, ambapo mshororo hugawanyika kuwa ukwapi na utao, nane kwa nane. Uzuri wa kipande cha mizani nane ni kwamba mizani ya saba karibu kila mara ni nzito, kwa kuwa ndiyo ya pili kutoka mwisho. Maneno machache ya kukopa huleta ubishi. Wengi husema LA-zi-ma, kwa mfano, na neno hilo mimi siliweki mwisho wa kipande. Vinginevyo unajua mapema kwamba noti yako ndefu itakaa juu ya mizani ya saba. Malenga wametuachia kalibu tayari, kazi yetu ni kumimina.

Chukua kipande hiki, nilichokiandika asubuhi moja nikitazama kilichokuwa mbele yangu: "Nimeweka taa chini." Kitamke polepole: ni-me-WE-ka TA-a CHI-ni. Mizani nane, na nzito ni ya tatu, ya tano na ya saba. Kwa hiyo silabi mbili za mwanzo zinatakiwa ziwe hatua za kuingilia kabla ya pigo zito, halafu WE iangukie palepale penye mstari wa wima. Nikaandika:

:d.r | m :r :m :f | s :— :m

"Nime" wanagawana pigo moja, "we" inapata pigo zito la kwanza, "ta" inapata pigo la tatu ambalo nalo lina uzito wake, na "chi" inashika so kwa mapigo mawili kabla "ni" haijashuka kwenye mi. Imba kimoyomoyo. Inatiririka kama mtu anayesema.

Sasa ubeti wa pili. Nilitaka kusema kwamba mtoto bado hajaamka, nikaandika "Mtoto bado kalala." Mizani nane, vizuri, hesabu imetimia, nikafunga daftari nikaenda kazini. Kesho yake nikajaribu kuimba kwa noti zilezile. Tamka uone: m-TO-to BA-do ka-LA-la. Nzito ni ya pili, ya nne na ya saba. Noti zangu zinaweka uzito kwenye ya tatu, ya tano na ya saba. Kwa hiyo kwaya wangeimba "mtoTO baDO kalala", na mtoto angeamka kweli.

Dawa yake ni kugusa maneno, noti uziache. "Na mtoto amelala": na-m-TO-to a-me-LA-la. TO inaangukia pigo zito, LA inaangukia noti ndefu, na A ya "amelala" inaposimama kwenye pigo la tatu haimuudhi mtu. Marekebisho yalinichukua dakika kama kumi na tano. Hiyo ndiyo kazi ya alfajiri ninayoisema: kipande kimoja, kosa moja, dawa moja. Nikapanda daladala nikiwa nimemaliza jambo.

Angalia pia vitenzi vinavyorefuka. "Anaimba" hukazwa kwenye i, lakini "anaimbia" mkazo umeshahamia kwenye mbi, na "wanaimbiana" umehama tena. Ukibadilisha kitenzi kutoka ubeti mmoja hadi mwingine, usidhani noti zitakufuata.

Mtego mwingine ni m na n zinazosimama peke yake. Katika "mtu" na "nchi" silabi inayokazwa ni ile m, au ile n, ambayo haina irabu. Ukiweka "mtu" mwisho wa kipande chenye noti ndefu kwenye mizani ya saba, utakuwa umeiagiza kwaya nzima ishikilie m kwa mapigo mawili, midomo imefungwa. Ukikusudia hivyo ni sauti tamu sana, kama upepo unaopita mlangoni. Usipokusudia ni aibu, maana nusu ya kwaya watafumba midomo na nusu watarukia "tu".

Sauti ya asubuhi inadanganya

Ukiamka, koo lako si lile la jioni. Nyuzi za sauti zimevimba kidogo kwa majimaji yaliyotuama usiku, hazijatumika kwa saa nyingi, zimekauka, na kitu kizito hutetemeka polepole kuliko chepesi. Ndiyo maana sauti ya asubuhi ni nzito na ya chini. Wanaume wengi hujipenda sana saa hiyo, wakajiona besi wa kuzaliwa.

Kosa nililolifanya ni kuchagua ufunguo wa wimbo alfajiri. Nilivuma tuni, nikaona inakaa vizuri kabisa, nikaitafuta kwenye kinanda kidogo cha simu nikaandika "Do ni A". Jumanne mazoezini besi waliposhuka kwenye so ya chini walianza kunguruma, kisha wakanyamaza kabisa, wakabaki wakitikisa vichwa. Sauti ya pili nao walikuwa wamezama mahali ambapo hawasikiki hata na aliyesimama jirani yao. Tukaupandisha hadi D, wimbo ukafufuka.

Kwa hiyo alfajiri usiandike ufunguo kabisa. Solfa hairuhusu tu jambo hili, imejengwa juu yake: do ni do popote utakapoiweka. Andika herufi, acha nafasi tupu juu ya ukurasa, na ufunguo uutafute jioni au Jumamosi mchana, ukiwa umeongea na watu kutwa. Kwa sauti ya kwanza mwulize mwimbaji wa kawaida wa sauti hiyo, na usimwulize yule nyota, maana nyota anafika kokote na wenzake wanabaki njiani wakipiga kelele.

Wala usirekodi sauti yako alfajiri kama mfano wa kuwapa wanakwaya. Watakuiga mpaka na mikwaruzo.

Simu na daftari

Kurekodi kwa ajili yako mwenyewe si vibaya, lakini simu isiwe ghala lako pekee. Nilikuwa na vipande zaidi ya arobaini kwenye simu, vingine nikiwa nimevivumia bafuni, vingine kituoni. Ikachomolewa mfukoni kwenye msongamano wa kuingia garini. Simu nilinunua nyingine. Vile vipande vilikwenda na mwizi, ambaye nadhani havimsaidii. Leo kila ninachokivuma kwenye simu lazima kiwe kimeandikwa kwenye kaunta buku kabla ya Jumapili, na kila ukurasa una tarehe juu yake.

Mpaka saa ngapi

Saa ikiisha, simama. Hata kama tuni ndiyo kwanza inanoga. Hasa kama ndiyo kwanza inanoga, kwa sababu kesho kutwa utakuwa na pa kuanzia, na swali la karatasi litajiandika lenyewe.

Mmarekani Philip Glass anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba alipokuwa mwanafunzi alijiwekea kukaa kwenye piano kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana, wazo lije lisije, na nje ya saa hizo akajikataza kutunga. Mwanzoni alikuwa anakaa tu. Baadaye mawazo yakajua saa zake. Mtu huyu huyu aliendesha teksi New York kwa miaka, na hata baada ya opera yake Einstein on the Beach kuonyeshwa Metropolitan Opera mwaka 1976 alirudi kwenye usukani kutafuta kodi ya nyumba. Nusu ya kwanza ya kanuni yake naifuata kabisa. Nusu ya pili imenishinda, kwa sababu foleni ya barabarani ina muda mrefu mno wa kumzuia mtu asifikirie kiitikio. Lakini siandiki. Nikifika nyumbani bado ninakikumbuka, kinaingia kwenye swali la kesho. Nisipokikumbuka, kwaya nao wasingekikumbuka.

Zitakuwepo asubuhi ambazo huna kitu. Siku hiyo nakili. Fungua wimbo wa mtunzi unayemheshimu, wenye sauti nne, unakili sauti ya tatu peke yake kwa mkono wako, noti kwa noti. Usinakili ili uibe, nakili ili ujue kwa nini alipanda pale ambapo wewe ungeshuka. Saa moja ya kunakili inafundisha kuliko semina, na kwenye semina mara nyingi tunakula tu.

Jumamosi mchana ndipo ufungue kinanda, weka pamoja vipande vitatu vya wiki, tafuta ufunguo, piga sauti zote nne usikie zinavyogongana. Zitagongana. Utafuta karibu nusu. Kilichobaki ndicho utakachokipeleka Jumanne kwa watu waliotoka kazini wamechoka, na wao ndio watakaosema kama ni wimbo.

Ukitaka kujaribu, anza leo usiku: kipande kimoja cha mizani nane kwenye karatasi, penseli juu yake, simu chumba kingine. Ule wimbo wangu wa taa na mtoto ulinichukua asubuhi kumi na tisa. Tumeshauimba mara nne, na sauti ya pili bado wanakosea ubeti wa tatu.